Goli la Duane

Orest Danyluk alichezesha mpira wa magongo barafuni miaka thelathini na mmoja. Aling'olewa meno mawili, akamwagiwa kahawa mara zisizo na hesabu, na bado pale Harlow Bend, mji mdogo wa Saskatchewan, Kanada, anajulikana kwa sekunde nne tu. Ilikuwa fainali dhidi ya mji wa Kerrow, sekunde nne zimebaki, Duane Friesen wa Harlow Bend akatia wavuni kisahani, ule mpira bapa wa barafuni, na kusawazisha. Orest akakataa goli: Duane kakipiga teke, hakutumia gongo. Basi! Miaka kumi na minane sasa, Orest ni mwizi.

Kila Machi mji mzima hukusanyika kwa Karamu ya Goli Lililoibwa. Watu hula perogi, vile vitumbua vya unga vilivyojazwa viazi, na soseji, husikiliza hotuba, hulia. Duane, siku hizi muuza nyama mwenye kitambi chake, husimulia upya alivyofunga, na kila mwaka mabeki aliowapita huongezeka. Mwaka jana walifika tisa, ilhali timu nzima uwanjani ni watu sita.

Mwaka huu Orest alikwenda na ushahidi. Binamu yake wa Kerrow alikuwa ameokota mkanda wa zamani, akamrushia video yake kwenye simu. Loo, teke lile! Kiatu kinaonekana mpaka kamba zake. Alichotaka Orest ni neno moja tu kabla hajafa: samahani.

Alimkuta mwenyekiti wa karamu, Bernice Toews, jikoni, mikono imejaa unga.

"Mama Bernice, hebu tazama hapa."

Bernice akatazama, wala hakushtuka.

"Hii yako safi," akasema. "Yangu ina chengachenga."

"Yako?"

"Marehemu mume wangu alirekodi. Tuliitazama siku ileile, na Duane mwenyewe akiwepo."

Orest akaishusha simu. "Mlijua? Miaka yote hii mimi na mke wangu tunanuniwa mpaka dukani!"

"Nani, Verla? Verla anajua zamani. Unadhani lile bango la kitambaa la karamu, pale mlangoni, kashona nani?"

"Lakini kwa nini, jamani?"

"Refa, acha utoto. Bila goli lile sisi ni nani? Timu iliyofungwa na Kerrow. Kerrow, Orest!" Akajifuta mikono, akamshika bega. "Ulikuwa sahihi. Samahani sana. Haya, umeridhika? Twende, watu wanakungoja."

Neno lenyewe ndilo hilo. Kalisubiri miaka kumi na minane, na shahidi wake ni sufuria ya soseji.

Ukumbini Duane alikuwa keshafika beki wa kumi. Orest alipotokea, wote wakamgeukia. Simu ilikuwa mkononi, na video ilikuwa tayari. Akawatazama wale watu wote na nyuso zao zenye njaa, kisha akaitia simu mfukoni. Akanyoosha mikono yote miwili pembeni, kama siku ile: hakuna goli.

Ukumbi ulilipuka kwa kuzomea, wazee wakipiga meza kwa raha, Duane akijifuta machozi. Na aliyezomea kwa sauti kuliko wote, amesimama juu ya kiti, alikuwa Verla.