Mstari wa Sitini na Tano

Mimi Fortunata nikikumbuka Jumamosi ile, mbavu sina hadi leo. Ngoja nikusimulie, na usinikatize.

Mwaka 2004 kila duka la Kariakoo lilitaka kung'aa kuliko la jirani. Na mimi, kwa kimbelembele changu, nikamwahidi baba ubao wa taa wenye maandishi yanayotembea, utundikwe juu ya duka lake la sufuria, Mtaa wa Sikukuu. Taa zilitoka Dubai. Lakini akili ya ubao, kile kikompyuta cha nyuma kinachoziamuru taa, tulikuwa tunakitengeneza wenyewe kwenye chumba cha juu ya duka, mimi na Ankit, mtoto wa mama Ranjanben wa duka la vitenge.

Baba yangu, mzee Gaudens, si mtu wa maneno mengi. Alisema, "Jumamosi saa nne. Ukiwaka, tutaongea habari ya wewe kubaki kwenye hicho chumba. Usipowaka, Jumatatu unaenda Magomeni kusimamia duka la pili." Kisha akamwalika shangazi Severa aje kushuhudia. Shangazi Severa! Ukishindwa mbele yake, jioni Moshi nzima inajua.

Ilibaki kupika kerneli. Ndivyo tulivyosema, kupika. Kerneli ni programu inayoamka kwanza mashine ikiwashwa, na kabla ya kuipika unaiambia habari ya kila kifaa: hiki kipo, kitambue, hiki hakipo, achana nacho. Usipoiambia kwamba kuna taa, haizijui ng'o. Vifaa nilivijua mimi, kibodi aliijua Ankit. Basi nikaorodhesha kwenye daftari mistari sitini na nne, kila mmoja na herufi yake, N au H. Mwishoni nikaongeza utani wangu, mstari wa sitini na tano: "Fortunata abaki juu?" Huo sikuuwekea herufi.

Ankit akaingiza yote kwenye kompyuta, pamoja na utani. Akaandika na kiprogramu cha ukaguzi, kilinganishe daftari na kerneli mstari kwa mstari kabla hatujapika. Jumamosi asubuhi kikakagua. SAWA, SAWA, SAWA, mpaka wa sitini na nne! Halafu kikaandika: "Mstari wa 65: hauna jibu."

"Huo atajibu mzee," Ankit akacheka.

Tukapika. Saa tatu kasoro robo tukawasha ubao, uliokuwa umeshatundikwa nje chini ya dirisha letu, tukachungulia. Kimya. Hakuna taa hata moja. Nikazima, nikawasha. Wapi! Tukakagua tena: SAWA, SAWA, SAWA. Nilitamani kuipiga ile skrini ngumi. Tayari nilijiona Magomeni, nimekaa katikati ya mabeseni, nazeeka.

"Ankit, taa uliziweka kweli?"

"Niziweke vipi na wewe umekataa? Tazama, mstari wa kwanza. Taa: N."

"Ee, N! Si ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Mashine inauliza y au n, Kiingereza. Umeandika N, nami nimeweka n. Maana yake hapana."

"N ni NDIYO! We Ankit! Ndiyo inaanza na nini?"

Macho yakamtoka. "Na H?"

"Hapana!"

"Mungu wangu. Mimi nilijua 'hitajika'. Zote nimeziwekea y."

Tulikuwa tumepika kerneli inayotambua kamera, redio, kipanya na diski, vitu ambavyo ubao haukuwa navyo hata kimoja, ila taa haizijui! Na kiprogramu chake cha ukaguzi kilisoma daftari kwa maana zake zilezile, ndiyo maana kila kitu kilikuwa SAWA. Nilitaka kumnyonga. Badala yake kicheko kikanitoka, naye kikamshika, tukaanguka sakafuni tukishika matumbo, machozi yanatutoka, huku saa inakimbia.

"Dakika hamsini za kupika!" nikaruka. "Geuza! Geuza zote!"

Akageuza, na kile kiprogramu nacho akakigeuza. Kikakagua: sitini na nne SAWA, na ule wa 65 bado unalalamika. Tukapika. Saa nne kasoro dakika tano viatu vya baba vikasikika ngazini, na nyuma yake shangazi Severa anahema, anauliza mbona ubao umezima. Ankit akasema, "Shikamoo mzee, shikamoo shangazi," akabonyeza swichi bila kusubiri marahaba.

SUFURIA KWA JUMLA NA REJAREJA, maandishi mekundu, yakatembea! Huko chini wapita njia wakapiga miluzi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Shangazi Severa akapiga vigelegele, yeye mwenyewe!

Baba hakuutazama ubao muda mrefu. Alikuwa ameinamia kompyuta, anasoma kwenye skrini: "Mstari wa 65: hauna jibu." Akauliza ni upi huo. Nikampa daftari. Akausoma. Akachomoa kalamu mfukoni, akaandika herufi moja, akanirudishia.

N.

Ankit akachungulia begani kwangu, uso ukamshuka. "Pole sana, Fortu," akaninong'oneza.

Lakini mimi nilikuwa nimeshamrukia baba shingoni, nalia kama mtoto.