Sala Iliyoanza Kabla ya Mwanzo

Kanisani kwetu Uiseong, wilaya ya wakulima wa vitunguu saumu, mzee wa kanisa hustaafu akitimiza miaka sabini, na akishastaafu hapewi tena kuongoza sala katika ibada ya Jumapili. Rafiki yangu Ma Gilnam alikuwa anatimiza sabini wiki ile. Sala ya Sikukuu ya Mavuno ilikuwa yake, na ilikuwa ya mwisho. Shule ya usiku tulisoma pamoja, mimi wa kwanza darasani na yeye wa pili, kwa hiyo alikuja kwangu kutaka ushauri.

"Wengine huanza na hali ya hewa," alisema. "Mimi nitaanza na uumbaji, halafu nishuke taratibu mpaka kwenye vitunguu saumu vya mwaka huu."

"Anzia siku ya sita," nilimwambia. "Watu watakuwa na njaa."

Mkewe, Pyo Okbun, ndiye mkuu wa jiko la kanisa. Siku hiyo alipika supu ya nyama na figili, na ya wali alileta sufuria yake ya umeme kutoka nyumbani, ile inayosema. Alimsimamisha mumewe mlangoni.

"Baba Seungu, supu ikipoa utainywa peke yako. Yote."

Ma alipanda mimbarani, akafumba macho.

"Mungu uliyekuwapo kabla ya dunia," alianza, na alianza vizuri. "Tena kabla ya kabla." Hapo nikafumbua jicho moja. "Maana hata wakati uliuumba wewe, na kabla ya wakati hapakuwa na kabla. Mtu akiuliza ulikuwa ukifanya nini wakati huo, atajibiwa kwamba wakati huo haukuwapo. Kwa hiyo, Bwana, wakati huo..."

Akakwama. Kila alipotaka kuvuka aingie siku ya kwanza, alijikuta anaitaja saa ambayo ilikuwa bado haijaumbwa. Ni mtu mwaminifu. Alirudi nyuma na kuanza upya.

Mchungaji Cheon akakohoa. Mpiga kinanda akaanza kupiga polepole, jinsi wanavyofanya kumwomba mtu atue. Ma akadhani anasindikizwa, akapandisha sauti. Nyuma yangu bibi mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Kumbe umilele ndio huu. Mimi nilidhani tutauona tukifa."

"Nyamaza. Hajaumba hata nuru."

Ndipo kutoka jikoni sufuria ikatangaza, kwa sauti yake ya kike yenye adabu: "Wali mtamu umeiva. Tafadhali koroga vizuri."

Nyumbani kwa Ma sauti hiyo ikisema, kila mtu huacha alichokuwa akifanya na kwenda mezani.

"Amina," akasema Ma, kabla hajajijua.

"Amina," likaitikia kanisa zima, kwa nguvu ambayo sijaisikia hata Pasaka.

Mezani Ma hakugusa kijiko. "Sala yangu ya mwisho," aliniambia, "na sikufika hata siku ya kwanza. Nimemwacha Mungu gizani."

"Mungu hakuwa gizani, bwana. Tulikuwa sisi."

Okbun alikuwa anaweka bakuli la kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, akasikia. "Kwa hiyo siku bado hazijaanza?"

"Hazijaanza."

"Basi hiyo sabini umeitoa wapi? Mchungaji, huyu hajastaafu. Hata kuzaliwa bado."

Kijiko cha Mchungaji Cheon kilikuwa kimefika karibu na mdomo. Alikirudisha mezani. "Mzee Ma, chakula hakijaombewa. Malizia hapa."

Meza nzima ikamtazama Ma, kama watu walioanika pilipili uani wanavyotazama wingu. Ma akasimama, akafumba macho.

"Bwana," alisema, "vyote ulivifanya wewe, hata wali huu. Asante kwa hiyo sabini. Amina."

Akaketi, akachungulia bakuli lake la supu, kisha akamgeukia mkewe. "Mbona haijapoa?"

"Nilijua anayesali ni wewe," alisema Okbun. "Nikachelewa kuwasha jiko."