Taya la Komando

Komando alianza kwa kubweka vibaya. Sauti yake ilikatika katikati, ikaishia kama ya jogoo mdogo anayejifunza kuwika. Mama Eugenia, aliyenichukua kwa kazi za nyumbani na kuchuma kahawa hapo Kanoni, alicheka akasema mbwa amezeeka. Mimi sikucheka. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwona akitafuna udongo na magome ya mibuni, na nilipomwita alinitazama kama hanijui.

Kesho yake taya lilikuwa limening'inia. Udenda ulimchuruzika hadi miguuni, na inzi walimjaa puani asiwafukuze. Nilimwekea maji kwenye bakuli lake. Alitia mdomo, lakini ulimi haukunyanyuka.

"Mfupa," alisema Telesfori, mume wa Eugenia. "Juzi tulichinja mbuzi. Umemkwama kooni."

Alimpenda sana mbwa huyo. Alimpa jina aliporudi vitani Uganda, na wageni walilazimishwa kumsalimia Komando kabla ya kupewa kiti.

"Anonciata, njoo. Mkono wako mwembamba. Uingize, uutoe."

Niliweka mikono nyuma. "Samahani, baba. Huu si mfupa. Ni kichaa."

"Haya, leo kinywa kimefunguka," alisema Eugenia.

"Kaka yangu Karekezi aling'atwa na mbwa wa namna hii, kule kwetu Rugu. Alikufa anaogopa maji."

"Ninyi wakimbizi mnakufa kwa njaa, halafu mnawasingizia mbwa," alisema Telesfori. "Darasa la nne limekushinda, leo umekuwa bwana mifugo? Ingiza mkono."

"Siwezi, baba."

Alinipiga kofi, mdomo ukapasukia kwenye jino. Kisha akapiga magoti, akamkumbatia Komando kama mtoto mchanga, akaingiza mkono wake mwenyewe. Akapapasa huku na huku. Komando hakumng'ata; taya halikuwa na nguvu hiyo. Mkono ulitoka unateleza, mtupu, na kwenye kidole gumba palikuwa na mkwaruzo mwembamba wa jino.

"Kichaa chako kiko wapi?" aliniuliza. "Mbona hajanila?"

Akanishika kisogo, akaufuta mkono ule usoni pangu. Alianzia shavuni, akamalizia mdomoni, hapo palipokuwa panatoka damu.

"Basi. Sasa tuko wagonjwa wawili."

Eugenia alicheka hadi akashika mbavu.

Nilikimbia jikoni, nikajisugua kwa sabuni mpaka mdomo ukavimba. Nilipotoka nikamwomba Eugenia ruhusa ya kwenda hospitali kuchomwa sindano, na baba naye aende.

"Hospitali kwa kofi moja? Na kahawa ataichuma nani?"

Telesfori alisema hachomwi sindano za tumboni kwa sababu ya mate ya mbwa wake mwenyewe. Komando alipokufa, alimzika kibanjani, shamba la nyumbani, chini ya mgomba, akalia.

Kahawa ilikuwa imekauka juani alipoanza kulalamika kwamba kidole gumba kinamwasha. Halafu akakataa chai. Halafu akakataa hata rubisi, pombe ambayo hakuwahi kuikataa. Alipoletewa maji alinyoosha mikono yote miwili, lakini kikombe kilipomkaribia, koo lilijikaza na akakitupa ukutani. Udenda ukamshuka kifuani. Alinitazama nilivyosimama mlangoni, nikajua kwamba naye amejua.

Tulipotoka kumzika Telesfori, mama yake, bibi Anatolia, aliniita mbele ya waombolezaji.

"Ulijuaje?"

"Niliona dalili, bibi."

"Watu wazima wote tuliona mfupa. Wewe peke yako uliona kifo. Utakionaje kama hukukileta wewe?"

Eugenia alitupa nguo zangu njiani, na vijana wakanisindikiza kwa mawe hadi mwisho wa kibanja.

Sasa niko Rugu kwa mama yangu. Hospitali nilikokwenda waliniambia dawa imekwisha, nirudi mwezi ujao. Mdomo ulipona upesi, hata kovu halionekani. Kila asubuhi, kabla sijamwamkia mtu, nachota kikombe cha maji na kuyanywa polepole. Mama anadhani nina kiu.

Leo pia yameshuka. Ila mdomo, pale ulipopasuka, umeanza kuwasha.