Bendera Thelathini za Meno Manane

Moraa alishuka basi Tyseley, mjini Birmingham, saa mbili kasorobo asubuhi, miguu haimtaki. Usiku kucha alikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Small Heath, amewageuza, amewafuta, amewabembeleza, na mmoja akamtemea uji kifuani. Shifti ya usiku imekwisha, ya mchana haijaanza, na katikati yake, jamani, dakika arobaini za kusinzia kwenye kiti cha basi. Hizo ndizo alizoziita kulala.

Usiniulize kwa nini mtu mmoja afanye kazi mbili. Anayeuliza hivyo hana watoto wawili wanaosomea kwa nyanya yao huko Kisii, wanaopiga simu kila Jumapili kuuliza utakuja lini.

Kazi ya mchana ilikuwa kushona bendera. Karakana yenyewe iko nyuma ya bohari ya treni, na upepo ukitokea upande wa mtambo wa taka unashona huku umebana pua. Zamani walikuwa mafundi kumi na wanne. Sasa bendera nyingi zinachapwa na mashine, na meza ya kushonea imebaki moja tu, kwa wateja wanaotaka kitu cha mkono. Kwenye meza hiyo walibaki watatu: Charanjit, mama wa Kipunjabi asiyesema sana, Moraa, na Mama Jasu.

Mama Jasu ndiye Jasumati, mjane wa Vinubhai aliyeianzisha karakana. Alikuwa na miaka sabini na minne, mwembamba, sari chini na sweta la mwanawe juu, na mkasi mzito ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Alizaliwa Kisii mjini, baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Siku ile ya kwanza Moraa alipoingia pale, mgeni, baridi imemkausha midomo, yule mama wa Kihindi alimtazama toka kichwani hadi miguuni akamwamkia kwa Kigusii safi, "Bwakire buya." Moraa alilia palepale, kati ya marobota ya kitambaa. Tangu siku ile angeweza kumfanyia yule mama lolote, na balaa lote lilianzia hapo.

"Bwakire buya," akasema Mama Jasu asubuhi hiyo ya Novemba.

"Buya mono, mama."

"Wewe nachelewa. Mimi namaliza yote." Akapigapiga rundo jekundu mbele yake, uso umejaa fahari. "Thelathini. Wewe nalala, mimi nashona."

Oda ilikuwa ya Ufalme wa Bahrain. Kulikuwa na sherehe ya sikukuu yao ya taifa inaandaliwa London, na mteja alitaka bendera thelathini za leo, na tena seti moja ya bendera za zamani za kuning'iniza ukumbini kwa mpangilio wa miaka. Rupesh, mwenye karakana sasa, alikuwa amebandika karatasi ukutani ili asiwepo wa kukosea. Kwanza nyekundu tupu. Kisha nyekundu yenye ukanda mweupe ubavuni. Kisha ukanda ukaota meno kama ya msumeno, ishirini na manane. Kisha manane. Kisha mwaka 2002, nchi ilipotangazwa ufalme, yakabaki matano, nguzo tano za Uislamu. Charanjit alipoiona karatasi hiyo alicheka kwa mara ya kwanza mwaka huo, akasema bendera hii inang'oka meno kadiri inavyozeeka, kama yeye mwenyewe.

Thelathini za leo alipewa Mama Jasu. Seti ya zamani alipewa Moraa.

Moraa akavuta bendera ya juu kwenye rundo, akahesabu. Akahesabu tena. Akavuta ya pili, ya tatu, akachomoa moja ya katikati.

Manane. Zote manane.

"Nzuri?" akauliza Mama Jasu.

"Nzuri sana, mama," akasema Moraa.

Basi, huo ndio uongo wenyewe, na haukuwa wa kwanza. Ulianza mwezi wa sita, na bendera ya Jordan. Nyota yake ina ncha saba, Mama Jasu akakata tano. Moraa akajitia hamnazo, akasubiri mama aende chooni, akafumua, akakata nyingine. Ikaja Morocco, akafumua. Wiki hii tatu, wiki ijayo nne. Alijua anachokiona, maana ndicho alichokiona kila usiku Small Heath: ya juzi yanatoka kichwani kwanza, ya zamani yanabaki. Vinubhai alifariki mwaka 2001. Yaliyokuja baada ya Vinubhai hayakumkaa mama kichwani, na bendera ya meno matano ilikuja mwaka uliofuata.

Kilichomfunga mdomo ni Rupesh. Rupesh hakuwa mtu mbaya. Mama Jasu ni mke wa baba yake mdogo, alimwita Kaki na kumwamkia kwa kumgusa miguu. Lakini wiki iliyopita alimwita Moraa ofisini, akafunga mlango, akamwambia kwa Kiingereza chake cha Birmingham kwamba oda mbili za mwaka jana zilirudi, na kama hii nayo itarudi, Kaki itabidi akae nyumbani. Nyumbani ni Sparkbrook, nyumba ya ghorofa moja ambamo mwanawe hutoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku. Mama Jasu aliwahi kusema mwenyewe, "Jumapili mimi nakaa na ukuta. Ukuta hapana jibu." Moraa hakuweza kumrudisha kwenye ukuta siku sita zilizobaki.

Sasa bendera thelathini! Na mteja anazichukua saa kumi jioni.

Saa sita na nusu Charanjit akatoka kwenda kununua maziwa, na Mama Jasu akaenda na chapati zake za methi, majani ya uwatu, kwenye chumba cha chai. Moraa akachukua kile kisu kidogo cha kufumulia uzi, akaanza. Bahati moja ilikuwapo: kitambaa chekundu kilicho nyuma ya ukanda, ambacho hukatwa mwishoni ili weupe uonekane pande zote mbili, kilikuwa hakijakatwa. Ukifumua ukanda mweupe, ukapiga pasi ya moto, ukakata mwingine wa meno matano ukaushona juu, hakuna atakayejua. Akafumua wa kwanza. Akafumua wa pili. Mishono ya Mama Jasu, loo, ilikuwa midogo na ya karibu, imekamata kama kupe. Macho yakawaka. Kwenye wa tatu herufi za karatasi ya ukutani zikaanza kuogelea. Akasema aegemeze kichwa kidogo tu.

Alipofumbua macho, Mama Jasu alikuwa amekaa mbele yake, bendera iliyofumuliwa mapajani.

"Hii wewe nafanya nini?"

"Uzi, mama. Ulikuwa umelegea."

"Uzi yangu hapana legea miaka arobaini na moja."

Mama Jasu akainua kidole, akakielekeza ukutani, akahesabu meno ya picha ya mwisho. Akarudi mapajani, akahesabu alama za sindano. Alihesabu kwa Kigujarati, kwa sauti ya chini, na alipofika mwisho akaanza upya, kama asiyemwamini aliyehesabu kwanza.

"Yote?" akauliza.

"Yote, mama."

"Na ile nyota ya Jordan? Rupesh nasifu mimi kwa ile nyota."

"Niliikata upya mimi."

"Miezi ngapi wewe nafanya hii?"

"Mitano."

Moraa alingoja mama alie. Machozi angeyaweza, ndiyo kazi yake ya usiku. Lakini Mama Jasu hakulia. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya mtu mwenye akili timamu kabisa.

"Mimi naenda hekaluni," akasema polepole, "nasimama mbele ya wanawake yote, nasema, mkono yangu bado mzuri, bendera yangu hapana rudi. Watoto yao nasema, mama, kaa nyumbani. Mimi nacheka wao. Miezi tano mimi nacheka wao! Na wewe najua. Wewe navalisha mimi kilemba ya ukoka, nakaa hapo, natazama."

"Nilitaka usifukuzwe, mama."

"Wale wazee yako ya usiku, wewe nadanganya wao pia?"

Moraa alikuwa amechoka mno kutafuta uongo mwingine. "Kila usiku," akasema. "Kuna mmoja anamtafuta mkewe. Amekufa miaka kumi sasa. Namwambia ameenda sokoni, atarudi. Analala."

"Mimi si mzee yako ya usiku." Mama Jasu akaupiga mkasi mezani. "Mimi fundi. Kama wewe nasema ukweli, mimi natoka hapa kwa miguu yangu. Mwenyewe. Kichwa juu. Sasa natolewa kama taka."

Moraa akafunika uso kwa mikono. Miezi mitano alidhani anambeba huyu mama, kumbe alikuwa amemshika mkono, mama asijue anakokwenda.

"Nisamehe, mama."

"Apa. Usidanganye mimi tena. Hata kama mimi nalia. Hata kama mimi nasahau."

"Naapa, mama. Haki ya Mungu."

Mama Jasu akasimama, akaweka sawa sari, akavua lile sweta akalikunja kitini. Akatembea hadi ofisini, akabisha hodi kwenye mlango ambao miaka yote aliusukuma tu. Kupitia kioo Moraa alimwona Rupesh akiinuka, akitabasamu, kisha tabasamu likimwisha. Aliona Mama Jasu akizungumza kwa muda mrefu, mgongo wima, bila kushika meza. Mwisho Rupesh akainama kumgusa miguu, na yeye akamwekea mkono kichwani.

Rupesh alitoka macho mekundu. Alimpigia mteja simu, akaomba hadi kesho jioni, akapewa. Hakumgombeza Moraa. Alisema tu, kwa Kiingereza, kwamba Kaki ameamua leo ndiyo siku yake ya mwisho, kisha akakunja mikono ya shati, akaketi kufumua kama wengine.

Walifumua wote wanne. Mama Jasu ndiye aliyekuwa na kasi kuwashinda, kwa sababu mishono ilikuwa yake na alijua inakoanzia. Moraa alikata meno matano, Charanjit akashona. Saa tisa u nusu bendera zilizokamilika zilikuwa kumi na moja, na Rupesh akasema zilizobaki ni za kesho. Akatundika seti ya zamani ukutani aipime. Tupu, ya ukanda, ya meno ishirini na manane. Kisha kamba tupu, kisha ya leo.

"Ya nne iko wapi?" akauliza.

Moraa alikuwa hajaishona. Hiyo nayo ilikuwa imepotelea kwenye usingizi. Akageuka kuomba radhi, akaliona rundo mezani, zile kumi na tisa ambazo kisu kilikuwa hakijazifikia.

"Hii hapa," akasema, akachomoa moja. "Meno manane. Hii haina kosa, mama. Hii wameiomba hivihivi."

Mama Jasu alimtazama kwa shaka, kama mtu aliyeumwa na nyoka leo hii. Akaenda kwenye karatasi ya ukutani, akahesabu mwenyewe picha ya nne. Akarudi, akahesabu bendera. Ndipo akachukua mkasi wake, akakata kitambaa cha nyuma bila haraka. Rupesh akaitundika. Katika ukuta mzima hapakuwa na mshono mzuri kuliko huo, na Charanjit, asiyesema sana, akalisema hilo.

Walitoka pamoja. Kituoni upepo ulikuwa wa kule mtamboni, kiza cha Novemba kimeshaanza kushuka na taa za magari zimewashwa. Moraa alikuwa na saa nne za kulala kabla ya Small Heath, kama basi lingekuja sasa hivi, na halikuja. Mama Jasu alimshika mkono kwa sababu ya baridi.

"Bahrain namaliza?" akauliza.

"Bado kumi na tisa, mama."

"Basi kesho wewe usichelewe. Mimi nakuja mapema, nakata."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Moraa, lile la kila usiku, laini, limezoea njia: ndiyo, mama, kesho. Mama angepanda basi akitabasamu, na yeye angelala saa zake nne. Nani angemlaumu? Akavuta pumzi, akakaza mkono alioushika.

"Mama Jasu, kesho huji. Leo umeacha kazi."

Uso ule ukafunguka kwa mshtuko, upya kabisa. "Mimi? Nani nafukuza mimi?"

Basi Moraa akamweleza yote tangu mwanzo. Meno manane, rundo, kisu, nyota ya Jordan, miezi mitano ya uongo wake. Hakuacha hata lile la hekaluni. Machozi yalimtoka Mama Jasu kweli sasa, yakateremka mpaka kidevuni, na Moraa hakusimamisha habari, maana aliapa.

"Nani nasema kwa Rupesh?" Mama Jasu akauliza mwishowe. "Wewe?"

"Wewe mwenyewe, mama. Ulikwenda ofisini kwa miguu yako. Ulibisha hodi. Rupesh akakugusa miguu."

"Mimi mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kichwa juu."

Mama Jasu akajifuta uso kwa ncha ya sari. Akanyoosha mgongo, palepale kituoni, akatazama barabara basi linakotokea.

"Vizuri," akasema.

Basi lilipotokea kwenye kona, akamgeukia tena. "Bahrain namaliza?"

Moraa akamsaidia kupanda, akamkalisha upande wa dirisha, akaketi karibu naye, akaanza upya.