Ngome Iliyoanzia Nyuma

Msusi alizoea vichwa vya watu walio hai, si kuta za watu waliokufa. Lakini asubuhi hiyo alisimama juu ya kilima, mbele ya ngome ya kale, amevaa sare ya dada yake iliyombana kifuani, waya wa simu umejificha chini ya kilemba mpaka sikioni. Wageni wanne walikuwa wanamtazama kama watoto wanaongoja kugawiwa peremende.

Mwongoza watalii hasa ni dada yake. Msimu wa likizo ulikuwa umepamba moto, dada kaongea wiki nzima bila kupumzika, mwisho sauti ikamkimbia kabisa. Akifungua mdomo unatoka upepo mtupu. Bosi wa matembezi, ambaye ndiye huyo huyo dereva wa basi, hakuwa na huruma ya kugawa.

"Mlete mdogo wako ashike nafasi," alisema. "Ila mgeni mmoja tu akilalamika, kesho natafuta mwongozaji mwingine."

Na nyumba nzima ile, kuanzia mama yao mpaka mtoto anayetambaa, ilikuwa inakula kwa mdomo wa dada.

Basi dada akamtumia sauti yake mwenyewe, aliyoirekodi siku moja akiwazungusha wageni ngomeni humo humo, mwanzo mpaka mwisho. "Tembea polepole," alimnong'oneza, "mimi nasema sikioni, wewe unasema mdomoni. Na usitie chumvi, mdogo wangu, nakujua."

Kumwambia msusi asitie chumvi ni kumwambia asipumue. Hata hivyo aliapa.

Lango kubwa lilikuwa limefungwa kwa matengenezo, kwa hiyo bosi aliwashusha kwenye kilango cha nyuma, akabaki kwenye basi anavua viatu. Msusi hakuona neno. Mlango ni mlango. Akabonyeza simu.

"Wageni wangu, karibuni," ilisema sauti ya dada. "Tukiingia tu, mkono wa kulia, kisima."

Akageuka kulia. Kweli bwana, shimo, limejengewa mawe vizuri. Moyo ukatulia.

"Hiki ndicho kisima kilichonywesha ngome nzima," alitangaza. "Maji yake yalikuwa matamu mpaka mtawala hakutaka kunywa mengine."

"Mbona shimo lenyewe jembamba?" aliuliza mwalimu mstaafu, baba mrefu mwenye miwani ya kuning'inia. "Ndoo ilipita wapi?"

Msusi akachungulia. Hata kopo lingekwama.

"Ndoo zao zilikuwa nyembamba, mwalimu."

"Na haya mawe mawili ya kuwekea miguu, moja huku, moja huku?"

"Ya mchota maji. Asiteleze."

Mwalimu akakunja uso. Lakini mwanawe, aliyefunga ndoa juzi tu, alimshika mkewe mkono, wakainama juu ya shimo, wakanong'ona humo maombi yao ya watoto. Dada wa mwalimu, ambaye wote walimwita Shangazi, mama mnene mwenye upepeo mkononi, akafuta chozi.

"Na wewe bwana mwenye kofia, usisukume wenzako," ilisema sauti sikioni.

"Na wewe bwana mwenye kofia, usisukume wenzako," alisema Msusi.

Wakatazamana. Hakuna aliyevaa kofia.

Akawahimiza mbele kabla hawajauliza. Sauti ikasema kinachofuata ni jela, chumba cha kusikitisha kuliko vyote, na wageni waingie kwa utulivu. Wakaingia kwa utulivu. Wakakuta dari ya juu, maua yamechongwa kwenye mbao, na madirisha mapana matatu yanayoangalia ziwa lote mpaka milima ya ng'ambo. Upepo ulikuwa unaingia kama umelipwa.

Kichwa cha Msusi kilimzunguka. Jela? Akapandisha sauti ya simu, labda hajasikia vizuri. "Humu," dada alisisitiza, "binadamu walioza wakiwa hai."

"Humu," alisema Msusi, na yeye mwenyewe sauti yake ilianza kumtia shaka, "binadamu walioza wakiwa hai."

"Wapi?" Shangazi alisimama dirishani anajipepea, ingawa upepo wa ziwa ulikuwa umeshamaliza kazi hiyo. "Mwanangu, mimi nikioza hapa msinitoe."

"Madirisha hayana nondo," mwalimu alisema. "Walishindwaje kutoroka?"

"Walikuwa na heshima, mwalimu."

Bibi harusi akacheka kwa pua. Jasho likaanza kumteremka Msusi chini ya kilemba. Macho yake yanamwambia hivi, sikio linamwambia vile. Lakini dada ana miaka katika kazi hii na yeye ana asubuhi moja, amwamini nani? Akaamua macho ndiyo yenye kosa.

Na kilichomponza zaidi ni jiko. Sauti ilisema "sasa tunaingia jikoni," wakaingia, wakakuta jiko, masizi ukutani na mafiga yake chini, kila kitu. Nusura aruke. Kumbe yuko sawa! Akaeleza mapishi ya enzi hizo kwa mbwembwe, akatia na chumvi kidogo, maana jikoni si mahali pa kuapia. Hata mwalimu akatikisa kichwa kukubali.

Raha ikaishia mlango uliofuata.

"Chumba cha mtawala na mkewe kipenzi," alitangaza, na wote wakainama kupita, maana mlango ulikuwa wa kimo cha mbuzi. Ndani giza. Hakuna dirisha. Sakafu ya ardhi tupu, na ukutani pete nzito za chuma zimepangwa usawa wa vifundo vya miguu.



"Hizi pete?" Shangazi aliuliza, safari hii taratibu.

"Za kutundikia mapazia."

"Mapazia ya dirisha gani?"

Msusi akajishughulisha kukaza kilemba.

"Mimi sielewi," mwalimu alisema. "Wafungwa wanalala ziwani, mwenye ngome analala shimoni. Huu ulikuwa utawala wa namna gani?"

"Na mke wake kipenzi alikaa humu kwa hiari?" Bibi harusi alimgeukia mumewe. "Wewe, nakwambia mapema, tusije tukaanza hivi."

Ilibaki mwisho wa ziara, penye sifa kuliko pote. Sauti ikasema wapande ngazi. Ngazi hazikuwepo. Palikuwa na ujia unaoteremka. "Ngazi zilibomoka," alisema Msusi, "tunapandia chini." Wakateremka. Sauti ikasema wafumbe macho na kushikana mikono, mbele kuna mandhari ambayo hawataisahau. Wakafumba, wakashikana, akawavuta kama kipofu anayeongoza vipofu.

"Haya, fumbueni!"

Mbele yao palikuwa na lango kubwa, limefungwa. Mifuko ya saruji. Ndala zimeanikwa kwenye toroli. Na fundi mmoja, suruali imekunjwa magotini, ananawa miguu kando ya kisima kipana chenye gurudumu, kamba na ndoo.

"Msikanyage hapo, zege bichi!" alipiga kelele.

Shangazi akakitazama kisima. Akamtazama Msusi. "Fundi, samahani baba. Kule nyuma karibu na kilango kuna shimo la mawe. Ni la nini?"

"Lile? Choo cha mtawala."

Bwana harusi na mkewe wakaachiana mikono.

Hapo ndipo ngome nzima ilipojigeuza kichwani mwa Msusi. Dada alikuwa anaanzia langoni, yeye kaanzia uani. Wafungwa wakarudi gizani kwenye pete zao, mtawala akarudi kwenye madirisha, jiko likabaki katikati pale pale lilipokuwa, linamcheka. Akachomoa waya sikioni. Akawaungamia wageni kwamba mwenye kazi hasa ni dada yake.

Bosi alikuwa ameshavaa viatu walipofika kwenye basi. "Vipi, wageni wangu? Kuna malalamiko?"

Msusi akajibanza nyuma ya Shangazi.

"Mimi nimeiombea ndoa yangu chooni," alisema bwana harusi.

"Ndoa yetu," mkewe alisahihisha. "Ila jela nimeipenda. Hapana, si jela. Ile ya madirisha."

"Sijaelewa hata kimoja," mwalimu alisema.

"Umeuliza kuliko wote," Shangazi alimkatiza. "Tangu ustaafu sijakuona umechangamka hivyo. Bosi, sisi hatulalamiki. Tunadai. Kesho turudishwe humu humu, tuoneshwe nani alilala wapi. Na tunamtaka mwenye kazi yake, huyo dada mtu. Simkubali mwingine."

Bosi akakuna kidevu. "Sasa mama, hayo ni malalamiko au sifa?"

"Utajua mwenyewe. Tutalipa tena."

Hilo la kulipa bosi alilielewa bila mkalimani. Akapiga simu kwa dada pale pale, akaweka sauti wote wasikie. Ikatoka mkwaruzo kama wa mlango mkavu. Bosi akaitazama simu, akamtazama Msusi.

"Huyu ataniongozea vipi watu kesho?"

"Atanyoosha kidole, bosi," Msusi alisema haraka. "Mimi nitasema. Yeye mkono, mimi mdomo."

Bosi akafikiri, midomo inacheza. "Mshahara ni mmoja," alisema hatimaye, akawasha basi.

Njiani ujumbe wa dada ukaingia. *Wamelalamika?*

Msusi akaandika *Hapana*, akafuta. Akaandika *Ndiyo*, akafuta. Nyuma yake wageni wanne walikuwa wanabishana kama mtu anaweza kuzoea kuishi bila dirisha. Akaandika: *Wanakutaka wewe tu. Vaa viatu vizuri.*