Vipini vya Fundi Milimita

Mikono ya mzee wangu ilianza kutetemeka kwenye kikombe cha chai kabla haijafika kwenye patasi. Nikawa nammiminia nusu kikombe, akimaliza namwongeza nusu nyingine. Tulikaa hivyo kama watu wenye nyoka darini, kila mmoja anajifanya hajamsikia.

Mtaani walimwita Fundi Milimita, kwa sababu ukimwambia "hapo inatosha, fundi," alikuwa akijibu, "bado milimita moja." Hata mimi alinichumbia kwa kipimo. Alikuja kwetu kupachika mlango wa jikoni, akauondoa na kuurudisha, akauondoa tena, mpaka mama yangu akasema huyu si fundi, huyu anatafuta chai. Kumbe alikuwa ananitafuta mimi.

Karakana yake iko nyuma ya nyumba, ukuta mmoja na jiko langu. Mimi nikiwa napika, yeye akipiga randa, nilikuwa namtegea vitendawili kupitia dirishani, naye anavitegua bila kuinua kichwa. Tangu tuoane hajawahi kushindwa, wala sijawahi kupewa mji hata mmoja. Nilikuwa namwambia, "Mchoyo wewe, hata kijiji hutoi!"

Mgongo ulipoanza kumsumbua, kitinda mimba wetu akachukua karakana. Mzee akabaki na benchi la dirishani na kazi moja aliyoipenda kuliko zote, kuchimba vishimo vya bawaba kwenye milango. Ni kazi ndogo ukiitazama. Lakini kishimo kikizidi kina mlango haufungi, na kikipungua unakaa upande kama kofia ya mlevi.

Asubuhi moja nikasikia upande wa pili kumenyamaza ghafla. Nikatoka na mwiko mkononi. Mwanangu alikuwa ameshika mlango mpya. Patasi ilikuwa imeteleza na kuuchana hadi upande wake wa mbele.

"Baba, huu ni wa tatu."

"Nitaupiga kiraka."

"Nani ananunua mlango wenye kiraka? Sikia, Baba. Shule imeagiza milango ya madarasa yote. Siwezi kubahatisha. Bawaba nampa shemeji."

Shemeji huyo ni kaka wa mke wake, aliyekuwa akitengeneza simu kibandani.

"Yule?" Mzee akauliza. "Atachimba cha bawaba au cha chaja?"

Mimi nilicheka. Mwanangu hakucheka.

"Nipe mpaka mbao za shule zifike," Mzee akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nikiharibu mlango mmoja tena, benchi hili chukueni. Nisipoharibu, mniache hapa mpaka nife."

"Haya, Baba. Mmoja tu lakini."

"Mmoja tu."

Jioni hiyo alibeba ruta akaiweka juu ya meza yangu ya cherehani. Ruta ni mashine ya umeme yenye ncha inayozunguka kwa kasi na kutafuna mbao kama panya mwenye haraka. Mwanangu ndiye aliyeinunua. Mzee hakuwahi kuipenda, akidai kelele zake ni kubwa kuliko kazi yake.

"Kichwa changu kizima," aliniambia. "Mkono ndio umeanza ukaidi. Natengeneza kigezo. Mkono ukitaka kwenda usikotumwa, kinaukatalia."

Akachukua plaiwudi nene, akaikata katikati dirisha la umbo la bawaba. Chini ya ruta kuna ringi ya shaba inayozunguka ile ncha. Plaiwudi ikibanwa juu ya ukingo wa mlango, ringi inatembea ikigusa kingo za dirisha, na ncha inabaki ndani hata mkono utikisike vipi. Yeye alipima, mimi nikachora, maana penseli ikiwa mkononi mwake ilikuwa inachora mawimbi.

Tulipojaribu kwenye kipande cha ubao, bawaba ikagoma kuingia. Kishimo kilikuwa kidogo.

"Mlango wa panya huu," nikamwambia. "Dirisha umelipima vipi?"

"Sawasawa na bawaba."

"Basi umekata gauni sawasawa na mwili. Nafasi ya mshono umeiacha wapi?"

Akanitazama, akaitazama ringi. Ringi ni pana kuliko ncha, kwa hiyo inaizuia ncha isifike ukingoni. Dirisha lilitakiwa liizidi bawaba kwa pengo hilo hilo, kila upande.

"Milimita tatu," akasema, akajipiga paji la uso. "Umri wote huu naitwa Milimita, na nimezisahau tatu!"

Tulicheka mpaka akakaa chini.

Kigezo cha pili kilitoa kingo safi, ila chini ya kishimo kulikuwa na matuta, kwa sababu ruta yenyewe ilikuwa inainama mikononi mwake. Akaifunga juu ya ubao mpana ili isiiname, kisha akasema ubao huo unataka vipini viwili, kimoja kila mwisho, vya mkono wake na si vya mtu mwingine. Nilikuwa nakanda unga wa mkate. Akachota donge, akalifinya kwa mkono wa kulia, akachota jingine kwa wa kushoto, akaenda nayo kama mtu aliyebeba mayai. Kwa kufuata umbo la madonge yale alichonga vipini kutoka mguu wa kitanda chetu cha zamani, mti mgumu uliotutoa jasho wakati wa kuupiga msasa. Kila kidole kilikuwa na kitanda chake. Alipovishika na kuegemea, mikono ilitulia. Haikuacha kutetemeka, hapana, lakini ule mtetemo uliishia kwenye mti. Nilimwona akifumba macho.

Mbao za shule zikaja. Mlango wa kwanza ulipokuwa tayari, Mzee alivaa shati lake la kwendea harusini. Usinicheke, nililipiga pasi mwenyewe. Akabana kigezo, akashika vipini, akawasha ruta. Alipoizima, akapuliza vumbi na kuweka bawaba. Ikalala ndani ya kishimo kama kope juu ya jicho.

Mwanangu alipitisha kidole gumba pale juu. Hakikukwama popote. Nikamwona Mzee ananyoosha mgongo.

"Shemeji," mwanangu akaita, "hebu njoo ujaribu."

Shemeji akapangusa mikono kwenye suruali, akashika vile vipini ambavyo vidole vyake havikuvijaza, akachimba kishimo cha pili. Bawaba ikalala vilevile.

"Aisee!" mwanangu akapiga kofi. "Baba, kwa kitu hiki hata Mama anaweza. Hata kipofu anaweza! Umetuokoa, Baba. Sasa nenda kapumzike."

"Sijaharibu," Mzee akasema.

"Nani kasema umeharibu?"

"Tulikubaliana nikiharibu."

"Baba jamani, si suala la kuharibu. Wewe ukimaliza mlango mmoja, shemeji kamaliza minne. Umefanya kazi ya kutosha. Kaa na Mama, mtegeane vitendawili vyenu."

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililonishinda. Angemtukana, ningejua pa kushika. Nikafungua mdomo, Mzee akanigusa kiwiko.

"Twende," akasema. "Shati litapata vumbi."

Tangu hapo anakaa jikoni kwangu, kiti kimeelekea ukutani, anasikiliza. Mara anasema, "Ncha imeisha makali." Mara anasema, "Anasukuma sana." Haendi kuwaambia, na wao hawaji kumuuliza. Milango inatoka, inapakiwa, inaondoka.

Kila wiki mwanangu huniletea gunia la vipande vya mbao vya kuwashia moto. Wiki iliyopita alilitua mlangoni, akasema, "Kuni zako hizo, Mama, kavu kabisa," akarudi mbio kazini. Nilipotia mkono nikagusa kitu laini. Kilikuwa kipini. Chini yake kilikuwepo kingine. Vilikuwa vimekatwa kwa msumeno, bado vina weusi wa jasho la mzee wangu.

Nikamfuata mwanangu nje. "Hivi vilikukosea nini?"

"Vipi? Ahaa, hivyo. Tunapanga milango imebanana ili twende haraka, vilikuwa vinagonga mlango wa pembeni. Shemeji hata havihitaji."

Nikavificha kwenye kapu la nguo za kushona, chini ya gauni la mtu. Nikarudi jikoni, nikajichangamsha.

"Kitendawili!"

"Tega," Mzee akasema, bila kugeuka.

"Nina fundi wangu hana macho, hana mikono, na hakosei kamwe."

Nilidhani atacheka, au atajisifu kidogo. Kigezo ni chake, nani mwingine angejua? Upande wa pili ruta ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena.

"Nimeshindwa," akasema.

Nilikuwa nimesubiri neno hilo ndoa nzima, na lilipokuja sikulitaka. Lakini mchezo ni mchezo.

"Basi nipe mji."

"Chukua karakana."

"Nimekwenda huko," nikasema, kama inavyotakiwa. "Nimekuta watu wana haraka. Hata kiti hawakunipa."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akasema, "Vipini umeviweka wapi?"

"Vipini gani?"

"Mama watoto, mkono ndio unaotetemeka, sikio halitetemeki. Msumeno ukikata mti ule nausikia. Vilete."

Nikavileta. Alivipokea, na vidole vikaingia kila kimoja kitandani kwake. Akakaa navyo hivyo mapajani, navyo vikatetemeka pamoja na mikono, kwa kuwa havikuwa na pa kushikilia tena.

"Moto umefifia," akasema, akanirudishia. "Tia hivi."

"Mzee wangu, hapana."

"Mti mgumu huo. Utakupa moto mzuri."

Nikavitia. Viliwaka taratibu, bila moshi, na chai ikachemka upesi. Nikammiminia nusu kikombe.