Buti la Dada

Asubuhi ile studio, Kijiti alikuwa keshavunja fimbo mbili za ngoma na wimbo wa kwanza wa albamu bado haujafika kiitikio.

"Kata!" fundi mitambo akabweka kwenye spika. "Bwana mdogo, unakimbia tena. Unafukuzwa na nani?"

"Mwacheni, anawahi chakula," akadakia mpiga besi, ambaye wote walimwita Mlingoti.

Kijiti hakucheka. Masikioni kavalishwa kidude cha kuhesabu mapigo, ti-ti-ti, kama bomba linalovuja. Akikifuata, anapoa kama uji wa jana. Akikiacha, anapaa. Na huu muziki wao wa kasi na kelele, pop-panki, upoe kama uji? Nyumbani, kwenye stoo ya mama, walikuwa wakipiga nyimbo hizihizi na hakosei hata usingizini. Leo mikono kama ya kuazima!

"Mara ya mwisho," fundi akasema. "Ukishindwa, naweka ngoma za kompyuta. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua!"

Dada yake, mwimbaji wa bendi, akatoka nyuma ya kioo, uso kaukunja. "We mtoto, una nini? Unanitia aibu."

"Sijui, dada! Nyumbani si naiweza?"

Akainamisha macho ili asilie mbele za watu. Ndipo akaziona soksi miguuni mwa dada. Za njano, kidole gumba kinachungulia.

"Buti zako ziko wapi?"

"Mlangoni. Fundi kanivua, eti zinagonga sakafu ya mbao, maiki zinadaka."

Kijiti akahisi kama kamwagiwa maji. Kumbe! Siku zote anatamba kwamba bendi inamfuata yeye, kumbe yeye ndiye anafuata kisigino cha dada, kinachogonga sakafu kila anapoimba.

"Zivae," akasema kwa kinyongo. "Uje usimame hapa."

"Zitasikika kwenye rekodi," fundi akaonya. "Na hazitatoka hata kwa sabuni."

Kijiti akang'oa kile kidude masikioni, akakirushia kwenye godoro la ukutani la kuzuia mwangwi. Dada akafunga kamba za buti. Du. Du. Du-du.

Wakaenda mpaka mwisho, hakuna aliyekata.

Fundi akarudisha, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Ngoma imekaa. Lakini buti limejaa kila mahali."

"Liache," Kijiti akasema.

"Sasa kwenye kava tuandike nani kapiga ngoma?" Mlingoti akauliza, meno yote nje.

"Mimi!" Kijiti akajibu. Dada akamkazia macho. Kijiti akasonya. "Haya bwana, andika na buti."